UZI: Nipsey Hussle, Victory Lap na ule mchezo wa kuuza CD moja dola 100. Karibuni tuuchambue

Kinanda cha Mbagala (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Kila nikipita humu nakuta uzi wa "albamu kali ya hip hop ya muda wote", na kabla hata ukurasa wa pili haujafika watu wameshashikana mashati kwa ajili ya 2Pac na Biggie. Leo tuwaache wale wawili wapumzike. Nataka tumzungumzie Nipsey Hussle na albamu yake ya Victory Lap, iliyotoka tarehe 16 Februari 2018.

Sijasema ndiyo albamu bora kuliko zote, msije mkanivamia. Ninachosema ni kwamba katika rapa wa kizazi chake sijaona aliyeipanga safari ya kuelekea albamu yake ya kwanza kwa hesabu kama zile. Na kinachonikera ni kwamba wasanii wetu wakimtaja Nipsey wanataja kifo chake na zile fulana zilizoandikwa Crenshaw. Hesabu zenyewe hawazigusi.

Kwa wasiomfahamu: jina lake halisi ni Ermias Asghedom, kazaliwa Los Angeles tarehe 15 Agosti 1985. Mama Mmarekani mweusi, baba mhamiaji kutoka Eritrea. Kakulia mitaa ya Crenshaw na Slauson, kaingia kwenye genge la Rollin 60s, moja ya matawi ya Crips, na hakuwahi kulificha hilo. Mwaka 2004 baba yake aliwachukua yeye na kaka yake wakaenda Eritrea, wakakaa karibu miezi mitatu. Mwenyewe alikuwa anasema ile safari ndiyo iliyompa akili ya biashara na ya kuutazama mtaa wake kwa jicho jingine.

Kimuziki alianza na Slauson Boy mwaka 2005, ikafuata mfululizo wa kandamseto (mixtape) za Bullets Ain't Got No Name, akasainiwa na lebo ya Epic. Pale Epic albamu ilitangazwa, jina likatajwa, South Central State of Mind, halafu kimya. Haikutoka. Mwaka 2010 akaachana nao na kuendelea na lebo yake, All Money In No Money Out. Desemba mwaka huo huo akaachia The Marathon, bure kabisa mtandaoni. 2011 ikafuata The Marathon Continues.

Sasa shika hapa. Oktoba 2013 akatoa kandamseto nyingine, Crenshaw. Mtandaoni bure, mtu yeyote anashusha. Lakini akachapisha CD 1,000 tu, kila moja dola 100. Kwa wakati ule ni kama laki moja na elfu sitini za kwetu, kwa kitu ambacho ukiwa na bando unakipata bila kutoa hata mia. Watu walimcheka. CD zikaisha ndani ya siku moja. Jay-Z peke yake alinunua 100.

Wazo alilitoa kwenye kitabu cha Jonah Berger, mwalimu wa masuala ya masoko. Mle ndani kuna habari ya mgahawa mmoja wa Philadelphia ulioweka kwenye menyu sandwichi ya nyama na jibini kwa dola 100, mji ambao sandwichi hiyo unaikuta kila kona kwa bei ya kawaida. Mji mzima ukaanza kuongea. Nipsey akasoma, akaenda kufanya.

Mwisho wa 2014 akarudia na Mailbox Money: nakala 100, kila moja dola 1,000.

Kwa hiyo Victory Lap ilipotoka, jina lake likiwa limeshasikika kwa miaka, jamaa alikuwa na watu waliokwishazoea kumlipa yeye moja kwa moja. Akaenda lebo ya Atlantic kama mbia mwenye lebo yake na masta zake, yaani umiliki wa rekodi halisi za nyimbo. Hiyo ndiyo hoja yangu. Karibuni.

MpigaPicha Mtwara

Nipo siti ya mbele. Ila kiongozi, hii hesabu ni ya Marekani. Kule mtu anapata dola 100 kwa siku. Njoo Manzese umwambie mtu CD laki na sitini, utapigwa wewe na hiyo CD. Kwanza CD anaiweka wapi? Redio yenyewe siku hizi ina tundu la flashi tu.

Kinanda cha Mbagala

Mkuu, hata 2013 Marekani CD ilishakuwa inakufa. Hao elfu moja hawakununua sauti. Sauti walikuwa nayo tayari kwenye simu. Walinunua kitu kilichosainiwa, nakala zake zinahesabika, na jina la kuwa miongoni mwa wa kwanza. Aliita kampeni yake Proud 2 Pay. Yaani anayelipa anajivunia kulipa.

JichoLaTatu

Mnazunguka mbuyu. Kwa nini hamsemi ukweli? Jamaa alikuwa anatengeneza filamu ya Dr. Sebi, yule mganga wa mitishamba. Wakubwa wa madawa wakamuondoa. Mengine yote ni mapambo.

Kinanda cha Mbagala

Nilijua utakuja. Filamu ya Sebi ni kweli alikuwa anaipanga na aliisema hadharani. Lakini kesi ya mauaji ilisikilizwa mahakamani Los Angeles, ushahidi ukawekwa mezani, picha za kamera zipo. Aliyempiga risasi ni mtu wa mtaa wake, wanafahamiana, waliongea dakika chache kabla, na mazungumzo yalihusu tuhuma za huyo jamaa kuwa mtoa siri kwa polisi. Julai 2022 akakutwa na hatia, Februari 2023 akafungwa miaka 60 hadi maisha. Ukitaka kuendelea na Sebi fungua uzi wako, nitakuja kusoma.

Bibi Kaseti

Hodi humu ndani. Mimi ni mtu wa taarab na dansi, hip hop naisikia kwa watoto wangu, lakini nimesoma bandiko la juu mpaka mwisho na nina la kusema.

MpigaPicha mwanangu, unasema watu wetu hawawezi kulipa. Umewahi kukaa kwenye shoo ya taarab ukatazama mikono ya watu? Mwanamke anatoka mezani kwake na noti za elfu kumi kumi, hana haraka, anacheza taratibu mpaka mbele, anasubiri ufike ubeti ule anaotaka jirani yake ausikie, ndipo anamtunza mwimbaji. Anarudi kukaa, anachukua nyingine. Usiku mmoja anaweza kuacha pale zaidi ya hiyo laki na sitini yenu, na wimbo wenyewe anao nyumbani, anausikia kila siku bure redioni.

Dansi nako, nani asiyejua mapapaa wanaotajwa majina katikati ya wimbo? Kinshasa wanaita mabanga, na ni biashara kubwa kweli kweli. Mtu anatoa fedha ya maana jina lake litamkwe na mwimbaji mkubwa.

Kwa hiyo watu wetu wanalipa. Wanalipia kuonekana na kuwa karibu na msanii. Huyo kijana wenu wa Eritrea kafanya kutunza kwa njia ya CD, basi.

Kinanda cha Mbagala

Bibi Kaseti shikamoo. Umeniwekea hoja yangu vizuri kuliko nilivyoiweka mwenyewe. Moderators, huyu mama apewe soda.

MpigaPicha Mtwara

Shikamoo bibi. Hoja nzito, lakini bado kuna tofauti. Ile fedha ya kutunza inaonekana na ukumbi mzima, ndiyo raha yake. CD iliyosainiwa ukiwa nayo chumbani nani anakuona?

Bibi Kaseti

Marahaba. Na nyinyi mnaoweka picha ya chipsi mtandaoni kabla hamjazila, mtashindwa kuweka CD?

MtaaWaUmoja

😂😂 Bibi amemaliza huyu buda.

Salamu kutoka Nairobi. Mimi nataka tuongee muziki wenyewe kidogo maana mmefanya hii thread iwe ya biashara pekee. Victory Lap niliisikiza wiki ile ilitoka, ndani ya matatu nikienda job. Ile wiki dunia yote ilikuwa Black Panther: filamu ilitoka siku hiyo hiyo ya tarehe 16, na albamu ya filamu, ile rapa Kendrick Lamar alisimamia, ilikuwa imetoka wiki moja kabla. Ndiyo ilikuwa namba moja. Nipsey akaingia namba 4 kwa Billboard 200, chati ya albamu ya Marekani. Kwa mtu wa kandamseto za bure, kushindana na hiyo kelele yote si mchezo.

Na bado Kendrick yuko ndani ya Victory Lap, kwa Dedication. Hiyo ngoma ukiniambia nichague moja ya kubaki nayo, ndiyo hiyo.

Fundi Mixa

Wakuu, acha niongee kama mtu anayeshinda kwenye spika.

Kitu cha kwanza kinachonigusa ni vyombo. Watayarishaji wake, vijana wa 1500 or Nothin' na Mike & Keys ni wapigaji, kwa hiyo biti zina nyama. Unasikia mtu ameshika kinanda, unasikia besi inavyopumua. Biti nyingi za mwaka ule zilikuwa kengele mbili na ngoma ya kompyuta. Hii ukiiweka kwenye gari lenye spika nzuri inajaza gari.

Pili, albamu imefungwa na kazi zake za nyuma. Blue Laces 2, Keyz 2 the City 2, Status Symbol 3, zote ni mwendelezo wa nyimbo zilizoanzia kwenye kandamseto. Aliyemfuata tangu The Marathon anazipokea kama ndugu wa mtu anayemjua. Mgeni haoni kitu, lakini pia hapotei.

Tatu, ubeti wa tatu wa Blue Laces 2. Taratibu jamani. Anasimulia mwenzake amepigwa risasi, damu ndani ya gari, wanakimbiza hospitali, na anakusimulia kwa sauti ile ile ya kawaida, hapandishi hata kidogo. Rapa wengine wangepiga kelele hapo. Yeye kasoma kama anasoma maelezo mbele ya afande. Nimejaribu kuwaonesha wasanii wanaokuja kurekodi kwangu: sikiliza jinsi anavyovuta pumzi kabla ya mstari, acha kulia lia kwenye maiki.

Kasoro ipo. Nyimbo 16 ni nyingi. Katikati pale inalegea, kuna mbili tatu ungetoa na hakuna ambaye angeuliza. Na Hussle & Motivate inasimama juu ya ile sauti ya watoto ambayo Jay-Z alishaitumia mwaka 1998 ikawa wimbo wa dunia. Imekaa vizuri, lakini ukichukua sauti inayojulikana namna ile, nusu ya kazi umefanyiwa.

Mama Junior TZ

Fundi umeichambua vizuri. Lakini mimi kama mzazi nina swali na naomba msinitukane. Huyu ni mtu wa genge, na mpaka anakufa hakulikana genge lake. Nyimbo zimejaa bunduki. Tunawapa vijana wetu mfano gani?

Kinanda cha Mbagala

Dada, swali zuri na halina tusi. Majibu yangu mawili.

Moja, ndani ya albamu hiyo hiyo kuna wimbo Last Time That I Checc'd, yuko na rapa YG. Nipsey ni Crips, YG anatoka upande wa Bloods. Magenge hayo yameuana Los Angeles tangu kabla wao hawajazaliwa. Hawa wamekaa kwenye wimbo mmoja na hata video wamefanya pamoja. Kwa mtoto wa pale mtaani hiyo ni habari nzito kuliko mahubiri.

Mbili, angalia alichokuwa anafanya pembeni. Duka lake la Marathon Clothing lilifunguliwa Juni 2017, pale Slauson na Crenshaw, eneo lile lile ambalo zamani alikuwa anauza vitu barabarani na kufukuzwa na polisi. Februari 2018, mwezi ule ule wa albamu, yeye na mbia wake wakafungua Vector 90, mahali ambapo vijana wa mtaa wanakodi meza ya kufanyia kazi na kujifunza mambo ya teknolojia. Baadaye wakalinunua jengo zima lenye duka lake.

Aliuawa tarehe 31 Machi 2019 mbele ya duka hilo. Kesho yake alikuwa na kikao na wakuu wa polisi wa Los Angeles kuhusu namna ya kupunguza mauaji ya magenge. Sikuambii ni malaika. Nakuambia alikuwa na vyote viwili na hakuvitenganisha, na mimi naona ni bora kijana asikie hivyo kuliko kudanganywa.

Mama Junior TZ

Nimekuelewa, ingawa Junior bado hataisikiliza akiwa sebuleni kwangu 😄

Kabalagala86

Wakuu, mimi niko Kampala. Huku Waeritrea ni wengi, wana migahawa yao, kahawa na injera. Kuna mmoja napenda kukaa jioni kwa sababu kahawa yao inakuja kwenye kile chungu cheusi chenye shingo ndefu, na ubani unafukizwa pembeni. Siku za Aprili 2019 kijana anayehudumia alikuwa amebandika picha ya Nipsey ukutani karibu na kaunta, ameiprinti kwenye karatasi ya kawaida, kona moja imejikunja kwa mvuke wa kahawa. Juu yake kaandika kwa mkono, herufi zao zile. Nikamuuliza umeandika nini, akaniambia "Ermias". Hakuandika Nipsey.

Nikamuuliza tena, huyu kazaliwa Amerika, mama yake si wa kwenu, kwa nini mnamlilia hivi? Akanijibu kwamba alirudi. Mwaka 2018, miezi miwili tu baada ya albamu kutoka, wakati rapa mwingine angekuwa anazunguka kwenye matamasha, Nipsey alikwenda Eritrea na baba yake na kaka yake. Akaonekana Asmara, akaongea na vyombo vya habari vya kule, akatembelea ndugu. Kwa kijana aliyekaa ukimbizini hilo ni kubwa kuliko chati yoyote ya Billboard.

MtaaWaUmoja

Kabalagala hiyo imeniguza. Hata huku Nairobi wale wasee wa Eritrea walifanya ukumbusho.

JichoLaTatu

Sawa, tuseme Sebi tumeacha. Lakini mbona mnaficha kwamba albamu ilipanda baada ya kifo? Wangapi kati yenu mlikuwa mnamjua kabla ya Machi 2019? Mseme ukweli.

Fundi Mixa

Leo umeongea jambo la maana, nakupa laiki. Ni kweli, baada ya kifo Victory Lap ilirudi kwenye chati ikafika namba 2, juu kuliko ilivyoanzia. Hiyo ni tabia ya dunia nzima, hata hapa kwetu msanii akifa ndipo redio zinakumbuka nyimbo zake.

Ila tuwe wakweli pande zote. Albamu ilikuwa kwenye orodha ya kuwania Grammy ya albamu bora ya rap, tuzo za Februari 2019, jamaa akiwa hai na akiwa ukumbini. Ilichukuliwa na Cardi B. Kwa hiyo kusema ni kifo kilichoifanya iwe nzuri, hapana. Kifo kiliileta kwa watu ambao wasingeifikia. Tuzo zenyewe za Grammy kazipata 2020, mbili, kwa kazi nyingine, na zimepokelewa na familia.

MpigaPicha Mtwara

Turudi kwenye hesabu maana ndiyo ilinileta. Tangu 2005 mpaka 2018 ndiyo anatoa albamu ya kwanza. Miaka 13! Hapa kwetu msanii akikaa miezi mitatu bila wimbo watu wanasema kafulia. Nani atavumilia?

Kinanda cha Mbagala

Hakukaa kimya miaka 13, mkuu. Alitoa kandamseto karibu kila mwaka mwanzoni. Alichokataa ni kuita kitu "albamu" kabla hajapata mkataba anaoutaka. Kwa msanii wetu anayetoa wimbo kila mwezi kwa fedha za mkopo, mradi jina lisipotee, kuna la kujifunza hapo. Unatoa kazi nyingi, sawa, lakini ipo moja unaitunza mpaka masharti yawe yako.

Na masharti yenyewe yalikuwa yapi? Masta ni zake. Leo zikichezwa, wanaokula ni familia yake. Wangapi humu wanajua wasanii wakongwe wa Bongo ambao nyimbo zao zinachezwa kila harusi na wao hawana hata nakala safi ya kurekodi? Msitaje majina, tunawajua.

Dogo Verse

Wakuu mimi ni mgeni humu, nimejiunga kwa sababu ya uzi huu. Narap, niko Mwananyamala, nina nyimbo tisa zimekamilika. Nilikuwa nataka kuzitupia zote mtandaoni. Sasa nimechanganyikiwa. Niuze? Niweke bure? Wafuasi wangu ni kama elfu nne, wengi wao ni wanafunzi.

Kinanda cha Mbagala

Karibu dogo. Usiige dola 100, utachekwa kweli. Iga mpangilio.

Weka nyimbo zote bure, kila mahali. Usimzuie mwanafunzi kusikiliza. Halafu tengeneza kitu cha kushikika, nakala hamsini tu. Inaweza kuwa fulana au daftari la mashairi yako, ndani yake flashi yenye nyimbo pamoja na mbili ambazo hazipo mtandaoni. Kila moja ipe namba kwa kalamu, saini mwenyewe, usimpe meneja asaini. Bei weka elfu thelathini au arobaini, kulingana na gharama. Wanunuzi hao hamsini waandike kwenye daftari majina na simu, hao ndio mtaji wako. Wafanyie shoo yao peke yao, hata kama ni kwenye ua wa nyumba na spika mbili za kuazima. Na hamsini ikiisha, imeisha. Ukichapisha nyingine kimya kimya umejimaliza, hawatakuamini tena.

Bibi Kaseti

Na uwataje majina kwenye shoo, mmoja mmoja. Usisahau hilo.

Fundi Mixa

Kabla ya yote hayo dogo, nani kamiksi hizo nyimbo? Nitumie moja inboksi nizisikie. Usiuze fulana yenye sauti inayokwaruza ndani yake.

Dogo Verse

Nimekutumia fundi. Kaka Kinanda, ile ya kutaja majina naiweka kwenye wimbo wa mwisho kabisa. Bibi Kaseti wewe nakuwekea namba 1, jina niandike lipi?

Bibi Kaseti

Andika Bibi Kaseti hivyo hivyo. Na fulana iwe saizi kubwa.